Gazeti Letu la Ukutani Latimiza Miaka Mitatu

Mhariri wa gazeti hili la muhula ameniomba niandike maneno machache juu ya "Filimbi", gazeti letu la ukutani la michezo na nyimbo, ambalo mwezi wa Juni limetimiza miaka mitatu tangu lilipobandikwa mara ya kwanza karibu na mlango wa bwalo. Nimekubali kwa furaha. Gazeti lisilo na fedha wala mashine, likifika miaka mitatu, lastahili japo ukurasa mmoja wa shukrani. Mpaka sasa tumetoa matoleo 87. Kila toleo ni karatasi moja kubwa ya manila, iliyoandikwa kwa mkono, nayo hubandikwa Jumamosi asubuhi kabla ya kengele ya uji.

Huenda wazazi wakauliza gazeti la mkono ni la nini, hali siku hizi habari zote zimo katika simu. Jibu ni jepesi. Shule yetu ni ya bweni, na wanafunzi hatuna ruhusa ya kuwa na simu. Habari hutufikia kwa njia tatu: redio ya bwalo siku za mwisho wa juma, magazeti ya walimu yakiisha kusomwa, na midomo ya watu. Njia hii ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ndiyo iliyozaa "Filimbi".

Tarehe 3 Juni, 2023, Yanga walicheza huko Algiers na USM Alger mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, wakashinda 1–0. Kesho yake bwaloni palikuwa hapakaliki. Hawa wasema Yanga wametwaa kombe, wale wasema wamelikosa, na kila upande ulikuwa tayari kula kiapo. "Mshindi anyimwe kombe kwa lipi?" ndilo lililokuwa neno la siku hiyo. Basi kaka mmoja wa Kidato cha Tatu akachana karatasi mbili za daftari, akaandika hesabu yote. Mchezo wa kwanza, Dar es Salaam tarehe 28 Mei, USM Alger walishinda 2–1. Jumla ya michezo miwili ikawa 2–2. Walakini sheria ya mashindano iliyapa uzito mabao ya ugenini. Nao Waalgeria walikuwa wamefunga 2 ugenini, na Yanga 1 tu. Kwa hiyo kombe lilibaki Algiers. Alipokwisha kuibandika karatasi ile watu walisoma, wakahesabu kwa vidole, na kabla ya chakula cha mchana ugomvi ulikuwa umekufa.

Wakati huo mimi nilikuwa Kidato cha Kwanza, msichana mgeni nisiyejua hata njia ya maktaba. Juma lililofuata kaka yule alitafuta mtu mwenye mwandiko wa kusomeka kwa mbali, na mwalimu wa Kiswahili akanitaja mimi. Wavulana wengine walicheka, wakauliza msichana ajua nini katika habari za mpira. Sikuwajibu. Niliuliza tu kama wino mwekundu upo.

Jina la "Filimbi" tulilichagua kwa sababu mbili. Filimbi ni ya mwamuzi uwanjani, na pia ni ya mpiga muziki ngomani. Tulitaka gazeti lenye vyote viwili, kwa kuwa mwanafunzi akitoka darasani hupenda ama kucheza ama kuimba, na mara nyingi hupenda yote pamoja.

Kazi yetu ina kanuni mbili. Ya kwanza, hatuandiki habari iliyotoka kwa mtu mmoja. Yatakiwa wapatikane wawili wasiokuwa wamesimuliana, au mmoja pamoja na redio au gazeti. Ya pili, mwandishi akianguka katika majaribio ya mwezi hupumzishwa mpaka alama zake zipande. Kanuni hii ya pili ilitungwa na sisi wenyewe kabla mwalimu yeyote hajatuambia, nayo imekwisha kuwapumzisha watu watano, tena wawili kati yao walikuwa mahodari wa kuandika.

Shida hazikukosekana. Gundi ya dukani ni ghali kwetu, kwa hiyo tulikoroga ya unga wa muhogo. Ilishika vizuri sana. Lakini mbuzi wa mradi wa shule nao waliipenda. Toleo moja la mwaka 2024 lilisomwa na watu kwa muda wa saa mbili, kisha likaliwa lote, isipokuwa pembe moja yenye msimamo wa netiboli. Tangu siku hiyo ubao wetu uliinuliwa juu, na wafupi wa Kidato cha Kwanza husimama juu ya tofali ili wasome.

Upande wa nyimbo ulianza mwaka huo huo wa 2024. Mwanzo ulikuwa orodha tu ya nyimbo zinazopendwa, kisha ukawa uwanja wa mabishano: nani mbora, wa zamani au wa sasa? Wapenzi wa singeli walisema taarabu ni ya kusinzia. Wapenzi wa taarabu wakasema singeli ni ya kukimbizana. Badala ya kuamua, tulianza kuandika habari za waimbaji wenyewe. Tulieleza jinsi Siti binti Saad, mwanamke wa Unguja aliyezaliwa katika umaskini, alivyosafiri mwaka 1928 mpaka Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri, na jinsi Shaaban Robert alivyoandika wasifu wake. Tulieleza pia habari za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyeuawa na ajali ya motokaa Mombasa mwezi wa Januari 1979. Toleo hilo lilileta jambo ambalo hatukulitazamia. Mpishi wetu mzee, ambaye kwa miaka tulimjua kwa upawa tu, alisimama mbele ya ubao akasoma mpaka mwisho, kisha akatuambia kwamba ujanani alikuwa akipiga gitaa la pili katika bendi ya mtaani kwao. Juma lililofuata yeye ndiye aliyekuwa habari yetu. Toka siku hiyo hakuna mwanafunzi anayemwita "wewe wa jikoni". Sasa wote humwita Mzee wa Gitaa.

Lakini jaribu kubwa lilitupata mwezi wa Machi 2025. Timu yetu ya mpira ilifungwa 4–0 na shule jirani, tena nyumbani, mbele ya wageni. Nami niliandika hivyo, pamoja na dakika za mabao yote manne. Jumamosi jioni karatasi ikachanwa. Jumapili nikaandika nyingine. Ndipo nahodha wa timu aliponijia, mtu mpole wa Kidato cha Nne ambaye watu wote humheshimu.

Akaniambia, "Mdogo wangu, karatasi yako siyo niliyoichana mimi. Lakini nakuomba uiondoe. Jumamosi ijayo ni kikao cha wazazi. Baba yangu atasoma kwamba mwanawe alifungwa manne. Gazeti la nyumbani lafaa kusitiri watu wa nyumbani."

Maneno yake yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa na haki ndani yake. Hata mimi sipendi aibu yangu ibandikwe mlangoni pa bwalo. Nikamwuliza, "Kaka, wamkumbuka John Stephen Akhwari?" Akasema amfahamu. Mwaka 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki huko Mexico City, Akhwari wa Tanzania alianguka akaumia goti, akaendelea kukimbia na kuchechemea hali amefungwa bandeji, akafika wa mwisho katika wote waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Nikamwambia, "Kama waandishi wa siku ile wangaliona haya kuandika kwamba alikuwa wa mwisho, leo sisi tusingalijua kwamba alimaliza."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi wewe umeandika tu kwamba tulifungwa. Hukuandika kwa nini." Nikamjibu kwamba hilo yeye alijua zaidi, na kwamba nafasi ipo katika pembe ya chini ya karatasi. Akaichukua kalamu. Aliandika kwamba mlinda mlango alikuwa amelala zahanati kwa malaria siku tatu kabla ya mchezo, kwamba kwa ajili ya mitihani timu ilifanya mazoezi mara mbili tu, na kwamba pamoja na hayo wageni walikuwa wazuri kuliko wao. Hakumlaumu mtu. Siku ya kikao wazazi walisoma mabao manne, kisha wakasoma maneno ya nahodha. Na nilimwona baba yake akisoma mara mbili. Walimu nao walisoma, na muhula uliofuata saa moja ya mazoezi ikarudishwa katika ratiba siku ya Jumatano. Nahodha mwenyewe aliendelea kutuandikia kila juma mpaka alipomaliza shule.

Mwaka huo huo ulituletea pia furaha ambayo sitaisahau. Jumatatu tarehe 15 Septemba, 2025, tulipoamka tulikuta uvumi umeenea mabwenini kwamba Mtanzania amekuwa bingwa wa dunia. Mmoja alisema ameongoza tangu mwanzo. Mwingine alisema ameshinda kwa kuwa wa mbele yake alianguka. Tulikataa kuandika. Tulisubiri mpaka walimu wawili na taarifa ya redio walipopatana, nayo ilikuwa tamu kuliko uvumi wote. Alphonce Simbu alikuwa ameshinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha huko Tokyo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na ikabidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe. Tofauti yao ilikuwa sehemu 3 katika 100 za sekunde moja. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Mwalimu wa fizikia alitusaidia kupiga hesabu, akatuonyesha kwamba kwa mwendo ule, baada ya kilometa 42 na zaidi, tofauti yenyewe haikuzidi hatua moja ndogo ya mtoto. Hatukungoja Jumamosi. Tulibandika jioni ile ile, na taa ya bwalo ilipozimwa watu walisoma kwa tochi.

Sasa nije katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika kikao cha wazazi cha muhula huu mzee mmoja alisimama akasema, "Mwanangu nimemleta hapa asome. Mpira na nyimbo hata mtaani kwetu vipo." Swali hilo ni la haki, nami namjibu kwa heshima. Sisemi kwamba "Filimbi" imempa mtu alama katika mtihani. Sina ushahidi wa hilo, na kanuni yetu yanikataza. Nasema tu yale niliyoyaona. Nimeona watu wakiacha kugombana kwa sababu hesabu iliandikwa wazi. Nimeona mpishi akipewa heshima yake. Nimeona nahodha aliyeshindwa akisema kweli mbele ya baba yake. Mpira na nyimbo viko mtaani, ni kweli. Lakini kupima neno kabla ya kulisema, hilo yafaa mtu afundishwe, na sisi tumejifundisha kwa vitu tunavyovipenda.

Mimi ni Kidato cha Nne, na wenzangu wawili pia tunaondoka mwaka huu. Walimu wamekwisha kutoa shauri lao: ikiwa waandishi wanne wa vidato vya chini watapatikana kabla ya kufunga muhula, "Filimbi" itaendelea, wasipopatikana, ubao utarudi kuwa wa matangazo. Shauri hilo si baya, kwa maana gazeti lisilo na waandishi ni karatasi tu. Hadi leo nimewapata wawili, mvulana wa Kidato cha Pili anayejua majina ya wachezaji wote wa netiboli wa mkoa wetu, na msichana wa Kidato cha Kwanza ambaye huuliza maswali mpaka mtu achoke. Wamebaki wawili.

Ndugu zangu wa vidato vya chini, hatutaki mabingwa wa mwandiko wala wa maneno makubwa. Twataka mtu anayeweza kusema "sijui, ngoja nikaulize". Kazi ni kila Ijumaa baada ya masomo ya jioni, katika chumba cha ramani. Wino ninao, manila zimebaki saba, na tofali la wafupi liko pale pale. Heri ya miaka mitatu kwa "Filimbi", na wa nne uwe mikononi mwenu.