Dawa za Watu Katika Kinywa cha Mbwa

Karani mmoja wa Nakuru alirudi kutoka kazini jioni, akamkuta mbwa wake, mlinzi wa ng'ombe wawili wa nyumba ile, akitafuna pakiti ya vidonge uani. Ilikuwa dawa ya magoti ya mama yake mzazi, ibuprofeni ya miligramu 400, iliyoachwa dirishani. Vidonge 8 havikuonekana. Mbwa alikuwa mchangamfu kama siku zote, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika, kwa maana dalili huweza kuchelewa saa nyingi huku sumu ikienea mwilini.

"Mpe maziwa, mwanangu," alisema mama mzee. Jirani alishauri maji ya chumvi, ili mbwa atapike. Wote wawili walisema kwa wema, lakini maziwa hayaondoi sumu hiyo, na chumvi nyingi ni sumu nyingine. Tena mnyama atapishwaye ovyo aweza kuvuta matapishi mapafuni. Karani alifanya kama afanyavyo ofisini: aliandika saa, akahesabu vidonge vilivyobaki, akakadiria uzito wa mbwa kuwa kilo 15, akatia pakiti mfukoni, akampigia simu daktari wa mifugo.

"Mlete sasa hivi," daktari alijibu, "usingoje augue."

Daktari alimtapisha kwa sindano, akampa makaa ya dawa yanayonasa sumu tumboni, kisha akamtilia maji mshipani ili kuzilinda figo. Ibuprofeni hutia vidonda katika tumbo la mbwa, na ikizidi huharibu figo zake. Mbwa alirudi siku ya tatu, amekonda, lakini yu hai.

Kwa paka mambo ni mabaya zaidi. Ini lake haliwezi kuivunja parasetamoli kama liwezavyo la mtu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumwua. Damu hushindwa kuchukua hewa, ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na nyayo huvimba. Iko dawa ya kuipinga sumu hiyo, iitwayo asetilisisteini, lakini yataka paka afikishwe mapema. La kusikitisha ni kwamba paka wengine hawakuiba kidonge. Walipewa na bwana zao kwa huruma, walipoonekana wana homa.

Mama mzee sasa hufungia vidonge vyake sandukuni, na ufunguo ameufunga katika pindo la leso.