Usihesabu meza, hesabu simu

Leo tuongee anwani za IP. Tangu Februari 1996, RFC 1918 imetenga safu tatu za matumizi ya ndani: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Ya kwanza pekee ina anwani zaidi ya milioni 16, tena bure. Ajabu ni kwamba bado tunabanana kwenye /24, yenye nafasi 254 tu za vifaa.

Zahanati moja iliniita. Maabara yao hufungwa wikendi, na kila Jumatatu tarakilishi yake ikiwashwa ilikosa anwani. Majibu ya wagonjwa yakakwama. Kumbe ruta iligawa anwani kwa saa 24. Mgonjwa wa Jumapili alishaenda zake na simu yake, lakini anwani bado ilihesabiwa kuwa yake.

Niliwatenga. Wageni nikawapa 10.20.0.0/22, nafasi 1022, kwa saa moja moja, wafanyakazi 10.20.4.0/26, nafasi 62. Kumbuka: kila ukipunguza 1 baada ya mkwaju, ukubwa wa mtandao huongezeka maradufu.

Kwa hivyo ukipanga mtandao, usihesabu meza za ofisi. Hesabu simu zilizo mifukoni mwa wanaoingia mlangoni.