Mwamba Ngoma: Riwaya, Filamu na Kumbukumbu ya Mau Mau

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii yafaa kukumbukwa kila panapozuka lalamiko kwamba riwaya au filamu fulani imeipotosha historia. Aghalabu mlalamikaji huhesabu makosa ya tarehe, mavazi na majina, kisha akaridhika. Lakini kazi ya kubuni haiutawali umma kwa makosa kama hayo. Huutawala kwa kuamua ngozi ivutwe upande gani. Historia ya Mau Mau yatoa ushahidi wa kutosha.

Mwaka wa 1955 Robert Ruark, mwandishi wa Kimarekani, alichapisha riwaya ya Something of Value. Mwaka wa 1957 Richard Brooks aliigeuza kuwa filamu. Rock Hudson aliigiza Peter, kijana wa mlowezi, naye Sidney Poitier akaigiza Kimani, Mkikuyu aliyekua pamoja naye. Filamu hiyo inamwonea Kimani huruma. Hata hivyo, yanayomsukuma kwenda msituni ni kofi alilopigwa na shemeji wa Peter pamoja na kufungwa kwa babake. Suala la ardhi, lililokuwa kiini cha mgogoro, linamezwa na uhasama wa wandani wawili wa utotoni. Mtazamaji wa ng'ambo aliijua vyema hofu ya familia ya Kizungu iliyovamiwa usiku. Hakujua kwamba raia wa Kizungu waliouawa walikuwa 32, ilhali wapiganaji waliouawa walizidi 11,000 kwa hesabu ya serikali yenyewe, na walionyongwa walikuwa 1,090. Maelfu hao hawakupewa nyumba, jina wala sura katika filamu.

Jibu lililovuma zaidi halikuwa filamu bali tamthilia. The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo ilitoka mwaka wa 1976, na mwaka wa 1978 ikapatikana kwa Kiswahili kwa tafsiri ya Raphael Kahaso, Mzalendo Kimathi. Kimathi wa tamthilia hii hapindiki. Anaikana mahakama ya mkoloni na kuyashinda majaribu yote anayowekewa gerezani. Watunzi walieleza bayana kwamba hawakunuia kuinakili kesi iliyofanyika Nyeri mwaka wa 1956. Lakini umma hausomi dibaji. Hukumbuka sauti iliyonguruma jukwaani. Sanamu iliyozinduliwa Nairobi mwaka wa 2007, Kimathi akiwa wima na bunduki mkononi, iko karibu zaidi na jukwaa hilo kuliko na picha mashuhuri ya mtu aliyejeruhiwa, amelazwa kwenye machela akiwa na pingu mikononi.

Mwaka wa 2017 kumbukumbu za kesi hiyo zilichapishwa katika kitabu kilichohaririwa na Julie MacArthur. Humo mshtakiwa anajitetea kwamba alipopigwa risasi alikuwa njiani kwenda kujisalimisha. Mbele ya maneno hayo wasomaji wawili huharakisha hukumu. Wa kwanza husema kwamba tamthilia ni uongo. Wa pili, kwamba kumbukumbu ni hila ya mkoloni. Wote wawili wamesahau kwamba kumbukumbu ya mahakama nayo ni matini. Ina mwambaji wake: serikali iliyochagua mashtaka, maswali na lugha ya kuandikia majibu. Aliyejibu alikuwa mtu anayekabili kitanzi, na mtu wa namna hiyo aweza kunena lolote linaloweza kumwokoa bila ya kuvikana vita alivyovipigana.

Hapa ndipo uzito wa suala hili ulipo. Wengi wa waliopitia misitu na kambi za kizuizini walisalimu amri, au walikiri kiapo kwa kupigwa. Wakipimwa kwa kipimo cha Kimathi wa jukwaani, wote huonekana wasaliti. Katika A Grain of Wheat ya mwaka wa 1967, Ngũgĩ alikuwa ameandika jambo gumu zaidi: Mugo, ambaye kijiji cha Thabai kinamwandalia heshima siku ya uhuru, ndiye aliyemsaliti Kihika. Riwaya hiyo haimpi msomaji mahali pa kuketi kwa raha. Lakini hata ngozi hiyo ilivutwa upya. Tukio la Daktari Lynd kunajisiwa, lililokuwamo katika toleo la kwanza, liliondolewa katika toleo lililosahihishwa miaka ya 1980.

Marufuku dhidi ya Mau Mau, iliyowekwa mwaka wa 1950, iliondolewa mwaka wa 2003. Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kuwafidia wazee 5,228 waliodai kuteswa. Madai yao yalisimama juu ya nyaraka na ushahidi wa vinywa vyao, wala si juu ya ushujaa wa jukwaani. Wazee hao wanazidi kupungua, na wakishatoweka, vitabu na filamu ndivyo vitakavyosalia kuwasemea. Kwa hiyo mwalimu wa fasihi anayeifunza Mzalendo Kimathi hana budi kuiweka mezani pamoja na filamu ya Brooks na kumbukumbu za Nyeri, ili mwanafunzi ajiulize kuhusu kila mojawapo: ni nani aliyeivuta ngozi, na ni nani aliyeachwa nje ya mdundo wake.