Hesabu ya Maji

Kila kazi ina hesabu zake. Mwenye duka huhesabu shilingi, mvuvi huhesabu samaki, nasi wauguzi huhesabu maji. Upande mmoja wa karatasi tunaandika yaliyoingia: chai, uji, dripu. Upande wa pili tunaandika yaliyotoka: mkojo, matapishi, choo. Mgeni wa wodini akituona tunapima mkojo kwenye jagi huona kinyaa. Mimi naiheshimu karatasi ile kuliko vyombo vingi vinavyong'aa.

Zaidi ya nusu ya mwili wa mtu mzima ni maji. Kwa mtoto mchanga ni kama robo tatu. Lakini si maji matupu. Yana chumvi za namna mbalimbali: sodiamu zaidi nje ya seli, potasiamu zaidi ndani yake. Moyo hupiga na misuli hukaza kwa msaada wa tofauti hiyo. Anayeharisha hupoteza maji na chumvi kwa pamoja. Ukimrudishia maji peke yake kwa wingi, chumvi ya damu hupungua mno, naye aweza kuchanganyikiwa hata kupata degedege. Chumvi ikizidi, hiyo nayo ni hatari. Uzima umewekwa katikati.

Namkumbuka bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake wa kilo kumi. Macho yalikuwa yamezama, analia bila machozi, na ngozi ya tumbo nilipoifinya ilirudi polepole. Hata hivyo alikuwa macho na anameza. Nikakoroga pakiti ya ORS katika lita moja ya maji safi, nikampa bibi kikombe na kijiko.

Akanitazama kwa uchungu. "Mwanangu, mjukuu wangu anakufa, nawe unanipa kijiko? Wale pale mmewatundikia dripu. Au kwa kuwa hatuna kitu?"

"Sivyo, bibi yangu," nikamjibu. "Wale hawawezi kunywa. Wako anaweza. Akishindwa, dripu ipo."

Swali lake halikuwa la ujinga. Maskini amezoea kupewa kilicho hafifu, na kijiko hakionekani kuwa dawa. Ningempa hesabu tu: kwa uzito ule, mililita 750 katika saa nne. Kijiko cha chai hubeba mililita 5, basi ni vijiko 150, kimoja kila dakika moja na nusu hivi. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea taratibu zaidi.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliwashukia wakimbizi waliovuka mpaka na kuingia India. Huko Bangaon dripu zilikuwa zikielekea kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, na ndugu zao wakawa ndio wauguzi. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Siri yake ni kwamba sukari huifungulia chumvi mlango wa utumbo, na maji hufuata nyuma. Kipindupindu hakiuharibu mlango huo.

Bibi alishika kijiko. Hakusinzia, hakuongea na mtu. Saa ya tatu mtoto alilowanisha kanga yake, naye akaniita kwa sauti iliyoamsha wodi nzima: "Nesi! Amekojoa!" Nikaandika kwenye upande wa pili wa karatasi.

Haba na haba hujaza kibaba, tunasema, na mara nyingi tunafikiria akiba ya fedha. Kitandani methali hiyo huwa na maana nzito zaidi. Dawa ile haikumdai bibi fedha, ilimdai asichoke. Na asiyechoka kuhesabu matone ya mwenziwe ndiye ninayemwita muuguzi, awe amevaa sare au kanga.