Yule Mama Anayeimba Kwenye "Every Day"

Wadau, leo siwaletei ngoma inayotrendi. Nawaletea albamu ya mwaka 2002 inaitwa Every Day, ya kundi la Uingereza, The Cinematic Orchestra. Kama we ni mtu wa tamthilia za Kizungu na umewahi kulia kwenye kipande cha mazishi, labda ulishawasikia bila kuwajua, maana "To Build a Home" ni yao. Ila hiyo ni ya 2007. Mimi naongelea ya nyuma yake, na hasa naongelea mama mmoja aliyeimba humo.

Kwanza mziki wenyewe. Kiongozi wa kundi ni Jason Swinscoe, mtu wa sampo. Anachukua vipande vya sauti anavikata, anavirudiarudia. Halafu haishii hapo kama maprodyuza wengi. Anawapa wapigaji wa kweli, watu wa drams, besi, piano na saksafoni, wapige juu yake, kisha walichopiga anakirudisha kwenye mashine anakikata tena. Ndo maana ukisikiliza hujui mtu kaishia wapi na kompyuta imeanzia wapi. Jazi na elektroniki zimelala kitanda kimoja na hakuna anayelalamika.

"Burn Out" ina dakika 10 na zaidi. Najua, nyie wa TikTok dakika mbili tu mnaona kama kipindi cha hesabu. Isikilize usiku, bando la usiku likiwepo, taa umezima. "Flite" ina drams za kukimbizana, mimi hunichosha kidogo, sitasema uongo. Roots Manuva naye kaingia kwenye "All Things to All Men", na jamaa anarap kama mtu anayeongea na dari ya chumba chake.

Sasa mama. Anaitwa Fontella Bass, mzaliwa wa St. Louis, Marekani, mwaka 1940. Mama yake alikuwa mwimbaji wa injili. Mwaka 1965 Fontella aliimba "Rescue Me", ngoma iliyokamata namba 1 kwenye chati ya R&B Marekani. Hata kama hujui jina lake, ukiisikia utaijua, ipo kwenye matangazo na muvi kibao. Mwenyewe alisema miaka yote kwamba alishiriki kuitunga. Kwenye orodha ya watunzi jina lake halimo. Dunia nzima inacheza, yeye anahesabu chenji.

Baadaye akaenda Paris na mumewe, Lester Bowie, mpiga tarumbeta wa Art Ensemble of Chicago. Akaimba nao jazi ile ya vurugu, wakazaa watoto wanne, wakaja kuachana. Mwaka 1990 hali yake ikiwa ngumu, akasikia sauti yake mwenyewe kwenye tangazo la TV. Hakuna aliyemuuliza. Akaenda mahakamani, na mwaka 1993 akalipwa.

Basi hapo ndo mnipate vizuri. Miaka inapita, Lester Bowie anafariki 1999, na vijana wa Uingereza wenye masampo yao wanamtafuta huyu mama mwenye miaka 60 na kidogo. Wangeweza kukata kipande cha "Rescue Me" wakakirusha kwenye biti, wengi ndo wanavyofanya. Wao wakamtaka mwenyewe aje aimbe, wakampa nyimbo mbili, na ya kwanza ndo inafungua albamu. "All That You Give" inaanza na kinubi na besi, taratibu, kama mtu anayefuta meza. Akiingia yeye, sauti si ya binti wa 1965. Imezeeka, ina mikwaruzo, na hawajaisafisha. Wimbo huo ni kumbukumbu ya Lester. Mwanamke anamlilia mtalaka wake kwenye albamu ya vijana, na vijana wamekaa kimya wanampisha. Kwenye "Evolution" anarudi akiwa mkali zaidi. Alifariki Desemba 2012.

Kwa nini nimeng'ang'ania hili? Kuna dada mmoja hapa mjini, jina kapuni. Kuna ngoma moja mmeicheza sana kwenye maharusi, kiitikio ni chake. Prodyuza, naye kapuni, alimwita studio saa nne usiku, "njoo utupie kidogo tu." Akapewa nauli na chipsi mayai. Ngoma ikatoka na jina la msanii mkubwa peke yake, na kwenye video kuna mrembo mwingine kabisa anachezesha mdomo. Siku moja tuko wote kwenye daladala ikapigwa. Konda anaimba kile kiitikio kwa nguvu zote, abiria wanacheka. Dada wa watu anaangalia dirishani.

Akiulizwa anasema yaishe, yeye ni mtu wa "utupie kidogo tu." Hiyo ndo inaniuma. Nauli na chipsi zimeshamfundisha bei ya sauti yake, na kila anayempigia simu sasa anaanzia hapohapo.

Wiki iliyopita nikamtumia "All That You Give" WhatsApp. Nilidhani ataniuliza kinubi kile nani kapiga. Akakaa kama dakika kumi, halafu akaandika: "Jina lake wameliandika?"

Nikampigia picha ya skrini nikamtumia. Jina la wimbo, na pembeni yake Fontella Bass, herufi zote.

Sasa na nyie. Kama unaijua ngoma ambayo aliyeimba kiitikio hajatajwa, iandike hapo chini. Jina la msanii mkubwa weka kapuni. La aliyeimba, kama mwenyewe ameridhia, liandike lote.