Tambara Moja

Geti la nyumba ya mama, kule Tanga, nimelipaka rangi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa siku tatu kabla ya Idi, kwa pupa ya mtu anayetaka wageni waone. Nilipitisha msasa, nikafuta vumbi kwa tambara lililolowa mafuta ya taa, nikapaka rangi ya kijani iliyong'aa hata nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Mama akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu." Maneno hayo niliondoka nayo hadi Dar es Salaam.

Niliporudi masika yamekwisha, geti lilikuwa limeota malengelenge. Karibu na bawaba rangi ilibanduka kwa maganda mapana. Ukiyavuta kwa ukucha yanakuja kama gamba la nyoka. Nikailaumu rangi. Nikamlaumu aliyeniuzia. Nikailaumu bahari, maana kwetu upepo wa chumvi hutwishwa lawama ya kila kinachooza. Mimi mwenyewe sikujikumbuka.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa fundi wa rangi za magari kabla macho hayajamchoka, alikuja kutazama. Nilimwamkia, akaitika, akaokota ganda moja na kuligeuza. Akapitisha kidole gumba upande wa ndani, polepole, kisha akanusa kidole.

"Rangi hii haikuwahi kukishika chuma," alisema. "Ulianza na nini?"

"Na msasa, mzee."

Akacheka kidogo, bila dharau. "Basi grisi uliishindilia kwenye mikwaruzo, halafu ukaifunika."

Ilikuwa kweli. Bawaba zile nilizitia grisi mwenyewe, mwaka hadi mwaka, zisimpigie mama kelele. Sikujua kwamba mafuta huondolewa kwanza, msasa ufuate, kisha ufute tena. Sikujua kwamba mafuta ya taa nayo huacha utando wake, wala kwamba chumvi haisikii tina ya kuyeyushia mafuta. Yenyewe hutaka maji safi. Niliyaona hayo kuwa mambo madogo. Nilikuwa naitazama rangi tu.

Tukaanza upya. Tuliibandua rangi, tukaosha kwa sabuni, tukasuuza, tukaacha pakauke. Kisha akanipa matambara mawili, moja la kulowesha tina, la pili kavu. La kavu lifuate papo hapo, alisema, kabla tina haijaruka. Ikiruka, mafuta yaliyoyeyuka hurudi kulala palepale. Nilifuta kwa bidii. Baada ya muda akanishika mkono.

"Mwanangu, tambara hilo umelitumia toka juu. Sasa hivi huondoi mafuta, unayagawa."

Akachota maji kwa kikombe, akayamwaga juu ya sehemu niliyoiona imetakata. Yakakatikakatika, yakakusanyika matone matone kama juu ya jani la mgomba. Nilibadilisha tambara, nikarudia, nikabadilisha tena. Ilikuwa karibu adhuhuri maji yalipotandaa juu ya chuma kama shuka moja, yasipasuke popote. Hakunisifu. Alisema tu tukaushe upesi, tumalizie msasa na rangi ya kwanza siku hiyohiyo, kwa kuwa chuma kilichovuliwa hakilazwi uchi, kutu haichelewi.

Usiku ule mikono ilininuka tina, nami sikulala mapema. Nilimfikiria mdogo wangu. Kuna jambo kati yetu, la shamba la baba, ambalo nimekwisha kumwomba radhi mara tatu. Kila mara niliomba kwa moyo mmoja, au nilidhani hivyo, na kila mara baada ya miezi michache maneno yetu yalianza tena kuvimba. Nilizoea kusema ana kinyongo. Lakini nikizikumbuka radhi zangu naona zote zilifuatwa na maelezo yaleyale: nilikuwa na haraka, mnunuzi alikuwa anaondoka, wewe hukupatikana kwenye simu. Huenda kila sentensi ni ya kweli. Hata hivyo nimefutia kwa tambara moja miaka yote, na nilichokuwa nakiondoa huku nilikuwa nakipaka kule.

Sitaki kulitwisha geti mzigo usio wake. Mtu si chuma, na moyo wa ndugu huwezi kuumwagia kikombe cha maji uone kama umetakata. Pengine pia ninajifunza somo linalonipendeza, kwa sababu linanifanya nionekane mnyenyekevu. Hilo nalo ni utando, nadhani, na sijui hufutwa kwa nini.

Kabla ya kurudi Dar es Salaam nilimpigia. Nilisema nilikosea kuuza bila yeye. Maelezo yalinijia yote mdomoni, yamepangika kama kawaida, nikayameza. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza hali ya mama. Nikamjibu. Tukaagana.

Sijui ukimya ule ulikuwa maji yanayotandaa au yanayokatika. Geti bado linang'aa, lakini hata mara ya kwanza liling'aa. Masika yajayo nitakwenda, nipitishe kidole karibu na bawaba.