Ile sauti ya injini haikuwa ya pikapu yangu

Wasee, kuna kitu kimenikaa kooni tangu mwezi wa nne. Ile video mliipenda sana, ile nazungusha ufunguo na Peugeot 504 inanguruma, watazamaji 41,000, ilikuwa ya uongo. Pikapu iko, hiyo si uongo. Ni sauti. Niliirekodi Kariobangi kwa mzee fulani ambaye 504 yake bado inabeba mchanga, nikaibandika juu ya picha zangu. Siku hiyo injini yangu ilikuwa na maji ndani ya oili.

Nasema hivi kwa sababu kila wiki kuna mtu kwa inboksi anauliza, "Buda, wewe hutoa wapi motisha?" Na mimi najibu na vimaneno vitamu kama mhubiri wa matatu. Sasa wacha nijibu vizuri.

Pikapu ni ya Guka. Aliinunua mkono wa pili mwaka wa 1985, akabeba nayo waru na kabichi kutoka Njabini hadi Marikiti kwa miaka 24. Kama umezaliwa baada ya 2000, labda 504 unaijua tu kama gari ya wazee. Lakini ni 504 ilishinda Safari Rally 1975, Ove Andersson akiwa kwa usukani, na nyingi za hapa kwetu ziliunganishwa Mombasa. Zile ndefu zilikuwa matatu za masafa. Pikapu zilibeba kila kitu, kutoka maziwa hadi maiti. Ya Guka iliegeshwa chini ya mkaratusi 2009 na haikuamka tena. Kuku walitagia ndani. Mwaka jana nikamwomba, akanipa ufunguo bila maneno mengi, nikaileta kwa lori hadi ploti ya anko Ruiru.

Nikaposti: siku 90 na itakuwa barabarani. Mimi ambaye kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha balbu na tairi pekee.

Kosa la kwanza lilikuwa kuvunja kila kitu. Kufungua gari ni tamu, manze. Wikendi mbili tu na nilikuwa nimetoa boneti, milango, viti, rediata, kabureta. Kwa kamera inakaa kazi kubwa sana. Bolti zote nikazitupa ndani ya karai moja. Baadaye nilimaliza Jumamosi tatu nikitafuta bolti za bawaba za mlango, na mojawapo mpaka leo sijaiona. Mtu yeyote anayekwambia alichoka na mradi wa gari, muulize kwanza kama aliufungua wote kwa wakati mmoja. Kila ukifika unakuta vipande mia mbili vinakuangalia, hujui uanze na gani, unakaa kwa jerikeni unaskrolli simu, unaenda nyumbani. Watu wanaita hiyo uvivu. Mimi naona ni karai.

Kosa la pili ndilo lilileta ile video. Hedi gasketi ilikuwa imechomeka, nikatoa hedi. Mpaka hapo sawa. Halafu nikaona pistoni zina masizi, nikataka kuzisafisha zote nne, nikazungusha injini kwa mkono ndio zile za chini zipande. Kumbe injini ya petroli ya 504 ina slivu za maji, yaani ile mikebe ambamo pistoni hupanda na kushuka haijashikana na bloku. Imezungukwa na maji, na kinachoishikilia ni hedi ikishafungwa juu. Ukitoa hedi unafaa uzibane slivu kwanza. Ukizungusha bila kuzibana, pistoni inainua slivu kidogo tu, sili ya chini inaachilia, na maji yanapata njia ya kuingia kwa oili. Mimi sikujua. Nikafunga hedi, nikaweka maji, kesho yake nikachomoa kijiti cha oili na kilichotoka kilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Siku 90 zilikuwa zimebaki nne. Ndio nikaenda Kariobangi na simu yangu.

Komenti zilikuwa moto. Kwa siku mbili hivi nilijiona mtu wa maana, halafu nikashindwa kabisa kwenda Ruiru. Mwezi mzima. Hapo nilijifunza kitu sijasikia watu wa motisha wakisema: ukishapigiwa makofi ya kumaliza, ile nguvu ya kumaliza inaisha. Ningefungua injini tena kwa nini, na kila mtu anajua inanguruma?

Halafu Guka akapiga simu. Binamu yangu alikuwa amemwonyesha video, akaitisha irudiwe mara mbili.

"Hiyo sauti ni ya gari ya nani?"

Nikanyamaza.

"Yangu nimeisikia kila asubuhi miaka ishirini na nne. Hiyo si yangu." Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliniuma. Akangoja kidogo, akauliza, "Ni nini imekushinda?"

Nikamwambia yote. Nilipofika kwa rangi ya oili, akanikatiza. "Uliizungusha hedi ikiwa nje?" Ndio, Guka. Akacheka mpaka akakohoa. Na yeye alifanya kosa lile lile 1991, msimu wa kabichi, akakaa wiki mbili bila gari, mzigo ukaozea shambani. Akaniambia nitoe sampu, nitoe pistoni na slivu zote nne, niweke sili mpya, na kabla ya kurudisha hedi nihakikishe kila slivu imetokeza juu ya bloku kwa kiasi kinachofaa na zote zinalingana. "Usiharakishe. Mimi siendi popote." Ana miaka 81. Sote tunajua hiyo si kweli kabisa.

Tangu siku hiyo nafanya kazi tofauti, na ndiyo jibu langu kwa walioniuliza. Nina daftari la shilingi hamsini kwenye dashibodi. Kila Jumamosi naandika kazi moja ambayo naweza kuimaliza kabla jua lizame. Siandiki "injini". Naandika "slivu ya kwanza, toa, safisha, pima." Bolti zinaingia kwa makopo ya Blue Band, kila kopo na jina lake. Nikishamaliza, nampigia Guka na namwambia kilichofanyika, hata kama ni kitu cha aibu. Jumamosi moja nilimwambia nimesugua kutu ya sakafu siku nzima na nikakuta shimo la kutosha kupitisha mguu. Akasema hilo analijua, alikuwa analifunika na gunia.

Fundi wa bodi alitaka kuliziba na fila, haraka na bei nafuu. Nikakataa, akakata kutu yote akachomelea bati jipya. Ilinigharimu pesa ya simu niliyokuwa nataka kununua, kwa hivyo mkiona video zangu ni za mawingu, sasa mnajua.

Mwezi wa nane nilimaliza mlango wa dereva. Mlango mmoja, lakini mzima: bawaba, kitasa, kioo, raba. Kuna siku nimekata tamaa naenda tu kuufungua na kuufunga.

Guka alikuja Ruiru wiki mbili zilizopita, akiwa na fimbo na koti la kanisani. Hakuuliza kuhusu injini. Alifungua ule mlango, akaufunga, akausikiliza, akaufungua tena. Akakaa kwa kiti ambacho bado hakina kitambaa, mikono kwa usukani, labda dakika ishirini. Anko alimletea chai akaipokea kupitia dirishani. Halafu akaitisha msasa, akaanza kusugua ukingo wa dashibodi hapo hapo alipokaa. Sikurekodi.

Slivu mbili ziko ndani, mbili bado. Sina tarehe, msiniulize. Ila kama kuna mtu anajua mahali naweza kupata kioo cha mlango wa kushoto, aniambie. Grogan wameniitisha elfu nane, na yule jamaa hata hakuona aibu.